Ugali kwa Kijiko

Ramadhani ilikuwa ndiyo kwanza imeanza, na Yahaya alipofika barazani jioni ile alikuta ametengewa sahani. Sahani ya bati yenye maua mekundu ukingoni, imewekwa mahali pake pa siku zote karibu na nguzo, na juu yake kijiko. Wenzake walikuwa wamelizunguka sinia kama kawaida, mikono ya kanzu imekunjwa, wanasubiri adhana. Ugali wa uwele ulikuwa katikati unafuka moshi, bakuli la mlenda ubavuni. Walimwitikia salamu vizuri tu, wakasogea kumpisha apite. Hakuna aliyeitaja ile sahani. Mtu mwingine atasema hilo ni jambo dogo, na huyo mtu hajawahi kutengewa chombo.

Mtaa ule wa Kondoa mjini ulikuwa na desturi yake. Mwezi wa Ramadhani wanaume hawafuturu ndani. Kila nyumba inatoa ilicho nacho, vyakula vinakusanywa kwenye baraza ya lililokuwa duka la ushirika, na mwenye lori na mwenye punda wanachovya tonge kwenye mlenda mmoja. Hapo ndipo waliogombana hupatanishwa, hapo ndipo mabinti huposwa, na uvumi wa mjini hapo ndipo huzaliwa na kulelewa. Asiyeonekana jioni mbili tatu huulizwa kama anaumwa au amesafiri. Sababu ya tatu haipo.

Mwadhini alipoanza, Yahaya alichukua tende moja, akanywa maji, akakitazama kile kijiko. Mazengo muuza nyama, ambaye ndiye mwenye sinia lile, hakuwa ameketi. Alikuwa amevuka barabara kwenda kwake kuleta birika la uji. Yahaya akainuka.

"Tumbo halinipi raha," akasema. "Tutaonana kesho, Mungu akipenda."

Wakampa pole. Akaenda zake, na kesho yake hakurudi, wala kesho kutwa.

Mazengo alikuwa Mgogo wa Chamwino. Alifika Kondoa zamani akiswaga ng'ombe wa biashara, akaoa, akasilimu, akapewa jina la Ismaili, na tangu siku aliyopewa hakuna aliyemwita hivyo. Mwenyewe alisema Ismaili ni jina la kwenda nalo peponi, Mazengo ni la kuuzia maini. Alikuwa na mdomo huyo bwana. Hakuna kipara, kitambi wala ndoa mtaani iliyosalimika na utani wake. Lakini siku Yahaya alipomzika mkewe Mwantum, Mazengo ndiye aliyemshika mkono kutoka makaburini mpaka nyumbani, na njia nzima hakusema neno, jambo ambalo watu walilisimulia kama muujiza. Sasa sahani ile yenye maua mekundu ilikuwa ya nyumbani kwa Mazengo. Yahaya aliijua, alishakulia pilau ndani yake. Ndiyo maana ilimkata maini.

Mkono wenyewe ulianza taratibu, kama mwizi anayemzoea mbwa wa nyumba. Kwanza kidole cha mwisho cha mkono wa kulia kilikufa ganzi, kisha cha pete kikafuata, na Yahaya akadhani ni baridi ya kipupwe. Halafu nyama iliyo kati ya dole gumba na kidole cha shahada, pale mtu anaposhikia ufunguo, ikaanza kubonyea. Ilibonyea mpaka pakawa na shimo. Mifupa ya mgongo wa kiganja ikajitokeza, na vidole viwili vile vikajikunja vyenyewe na kugoma kunyooka. Mwili mwingine wote ulikuwa mzima. Miguu mizima, kifua kizima, mkono wa kushoto umejaa kama wa kijana. Ni wa kulia tu uliokuwa unakonda peke yake, na hata hauumi. Siku moja jikoni aliinua sufuria, akaliona lengelenge kwenye kidole kabla hajausikia moto.

Mfungo ulipoanza, jioni ya kwanza tonge lilimponyoka mara mbili, na mlenda ukamchirizika mpaka kwenye kiwiko. Yahaya alicheka, akasema mlenda wa mwaka huu una mbio. Wenzake wakacheka kidogo, wakatazama pembeni. Kulia kwa kushoto hakukufikiria kabisa. Mwislamu wa umri wake hali kwa kushoto, hata kama wa kulia umebaki mfupa. Na jioni iliyofuata ndipo akaikuta sahani.

Yahaya alijua maana ya chombo cha peke yake. Alipokuwa mtoto, baba yake mdogo alikaa kwenye tembe dogo mwisho wa shamba. Chakula chake kiliwekwa juu ya jiwe, naye husubiri mpaka aliyekileta amekwisha kugeuka ndipo akifuate. Hakuwa mtu mbaya. Alijua kupiga mluzi mpaka ndege wakajibu. Vidole vyake vilianza hivi hivi, kwa ganzi na kujikunja, na ugonjwa wenyewe ulitajwa kwa sauti ya chini: ukoma. Hakuna mtu aliyemwambia ondoka. Walianza kwa kumtengea kibuyu, basi, na mengine akayamaliza yeye mwenyewe.

Kwa hiyo tusidanganyane kwamba Yahaya alikuwa anaogopa kufa. Mtu aliyemzika mkewe na kuiona kazi yake inakufa kabla yake haogopi hilo sana. Alichotaka ni kukaa tena karibu na ile nguzo, atie mkono kwenye sinia kama watu. Lakini hakuthubutu. Kama ni ukoma, basi wao wana haki na yeye ndiye mwenye hatia, amewalisha ugonjwa kwa mkono wake. Akaona ni heri ajitenge mwenyewe kuliko kusubiri kuambiwa.

Mazengo alikuja mlangoni jioni ya pili yake, sahani mkononi imefunikwa kawa.

"Yahaya. Fungua, nina neno na wewe."

"Nimejilaza, Mazengo. Kesho."

"Kesho ya wapi? Jana uliwaambia wenzio kesho."

"Iache hapo mlangoni. Mungu akulipe."

Mazengo alisimama kidogo, akakohoa kama mtu mwenye sentensi iliyokwama kooni, kisha akaiweka sahani kizingitini na kuondoka. Yahaya alipofungua alikuta ugali, mlenda, kipande cha ini, na kijiko kimelala juu. Kijiko tena. Alikula kwa hasira, maana njaa haina adabu, kisha akaiosha sahani ile kwa maji ya moto na majivu mpaka maua yakaanza kufifia. Ikawa hivyo kila jioni. Mazengo analeta, anabisha, anajibiwa kesho, anaacha, anaondoka. Na kila jioni kijiko kipo.

Mjini nako maneno hayakukosekana, kwani Kondoa ni mji na watu wana midomo. Kinyozi alisema mkono ule umelogwa na mtu aliyekosa kazi ya ghala zamani. Jirani mmoja, mama muuza vitumbua, alishika ya sumu: miaka yote ile Yahaya alikuwa mtunza ghala wa ushirika, akishika magunia yaliyonyunyizwa dawa ya wadudu, na dawa inayoua dudu ndani ya punje itashindwaje kuula mkono. Mwalimu wa madrasa alimsomea, akamwambia ni husuda, kisha akafikiri kidogo akasema labda ni damu chache. Zahanati walimpa vidonge vya vitamini na kumwambia ale vizuri. Wapo waliofikiri ule ugonjwa wa siku hizi, wakahesabu kimoyomoyo Mwantum alikufa kwa nini. Mwantum alikufa kwa malaria iliyompanda kichwani, mwaka ule wa uchaguzi wa vyama vingi, kwa muda usiotosha hata kumwita mtoto wake. Mwenye kufikiri mengine shauri yake.

Ushirika ulikuwa umekufa kabla ya hapo. Wanunuzi binafsi walikuja na malori yao kutoka Arusha, wakanunua mahindi na alizeti papo hapo shambani, ghala likabaki na panya, kisha likabaki hata bila panya. Yahaya akarudishwa nyumbani. Kwa muda alifurahi, maana alikuwa na Mwantum wa kuzungumza naye. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi, anakusimulia habari ya sokoni kwa kirefu kuliko soko lenyewe. Alipoondoka, nyumba ilinyamaza ghafla, na Yahaya hakujua la kufanya na ukimya ule. Alizoea kukaa kwenye meza ya Mwantum ya mninga, dirishani, akiangalia barabara. Asubuhi hapo, mchana hapo, mpaka taa iwashwe. Mwanamke akifiwa hukaa eda, watu wanajua yuko wapi na atatoka lini. Mwanamume anaambiwa jikaze, na baada ya muda mfupi anaulizwa ataoa lini. Yahaya alijikaza. Alijikaza mezani pale, peke yake.

Habari zilimfikia binti yake kwa njia ya dereva wa basi. Shamila alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali Dodoma, ameolewa huko, ana mtoto mmoja. Aliomba ruhusa, akapanda basi, akaingia nyumbani bila hodi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekujaje bila taarifa?"

Shamila aliunyoosha mkono ili aushike wa baba yake na kuubusu kama alivyofanya tangu utoto. Yahaya akaurudisha wake nyuma, akauficha kwenye mkunjo wa kanzu. Binti akabaki na mkono hewani. Hakuna alichosema baba yake siku zote ambacho kilimtisha kama kile kitendo.

"Jiandae," akasema. "Kesho tunakwenda Dodoma."

Yahaya alikuwa na maneno mengi ya kukataa, lakini Shamila alikuwa na mdomo wa mama yake, na vita hivyo baba hakuwahi kuvishinda.

Dodoma alikaa kwa bintiye kama mgeni mwenye deni. Chakula kilipoletwa aliomba mwenyewe sahani ya peke yake. Mjukuu alipomkimbilia alimpa mkono wa kushoto kichwani na kumsukuma taratibu aende kwa mama yake. Shamila aliona yote, akaenda kulia jikoni, akarudi macho mekundu akisema ni kitunguu. Chakula chenyewe siku hiyo kilikuwa uji na viazi.

Hospitalini walipokelewa na daktari kijana wa kike, anaitwa Ritha, mwenye sauti ya taratibu na viatu vya kupiga kelele. Yahaya alipomwona alikata tamaa kimoyomoyo. Alitegemea mzee mwenye mvi.

"Shikamoo, mzee. Mkono huu una muda gani?"

"Tangu kipupwe kilichopita. Labda kabla."

"Unauma?"

"Hauumi. Ndiyo shida yake."

Ritha aliuchukua mkono kwa mikono yake miwili, bila glavu, akaugeuza kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Yahaya alitaka kumwonya akashindwa, maana tangu ulipoanza kunyauka hakuna mtu aliyekuwa ameushika mkono ule. Daktari alimwambia kwamba nyama ya mwili ikikonda bila sababu inayoonekana, sababu zinazojificha ni nyingi, na kazi yake ni kuzifukuza moja moja. Alimwuliza kama anakojoa sana na kusikia kiu, akamtoa damu kupima sukari. Alimpapasa shingo kutafuta tezi, akamwuliza kama moyo unamwenda mbio. Akamgeuza kichwa kulia na kushoto kusikia kama mifupa ya shingo inabana kitu. Alimwuliza anakula nini, na mara ngapi, na Yahaya akajibu kwa kifupi. Mwisho akamwambia avue kanzu, afumbe macho, na kila akiguswa na pamba aseme.

Hapo Yahaya alijua kinachotafutwa. Alisema "hapo" mgongoni, akasema "hapo" mabegani, usoni, miguuni. Daktari alitafuta mabaka kwenye ngozi asiyaone. Pamba ilipotea sehemu moja tu: kidole cha mwisho, nusu ya kile cha pete, na ukingo wa kiganja.

"Vaa, mzee," akasema Ritha. Akampa kipande cha karatasi. "Kibane hiki kwa dole gumba na kidole cha shahada, nisikuchukulie."

Akakivuta. Kikatoka bila ubishi, kama amenyang'anywa mtoto mchanga. Mkono wa kushoto ulikibana mpaka kikachanika. Ritha akasema mmh, akageuka kwenye dawati lake kuandika. Aliandika kwa kitambo. Alipoinua kichwa alimkuta mgonjwa wake ametulia kwenye kiti, amesahau alipo, kiwiko cha kulia kimekandamizwa kwenye ukingo wa dawati, shavu limelala kiganjani, macho yako dirishani.

"Usisogee," akasema daktari. "Kaa hivyo hivyo."

Yahaya aliushusha mkono upesi kama mtoto aliyefumaniwa. Kila mtu anajua kushika tama ni uchuro. Marehemu mama yake alikuwa anampiga kofi la mkono: unamlilia nani, unamwita nani afe? Yeye hakuwa amemwita mtu. Alianza kulishika baada ya msiba, si kabla.

"Unakaa hivyo mara nyingi?"

"Nikiwa nyumbani."

"Nyumbani unatoka saa ngapi?"

"Sitoki," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu mama yake huyu afariki." Akamwonyesha Shamila kwa kidevu. "Nakaa mezani pake."

Ritha akavuta kiti karibu. Akakikunja kiwiko cha Yahaya na kumwonyesha binti: ngozi ya pale ilikuwa nyeusi na ngumu, imeota sugu kama goti la mwenye kusujudu sana. Akagonga kidogo kwa kidole nyuma ya mfupa. Umeme ukampiga Yahaya kuanzia pale mpaka kwenye kidole kilichokufa, akaruka.

"Huo ni mshipa wa fahamu, mzee. Pale hauna nyama ya kuufunika, uko juu ya mfupa mtupu. Ndio unaoziamuru nyama za kiganja kufanya kazi. Wewe umeulalia kwenye ubao zaidi ya mwaka, kutwa nzima. Ukaziba. Nyama isiyopata amri inanyauka."

Yahaya alimtazama kama anayedhihakiwa. "Yaani ni majonzi yaliyonikausha mkono?"

"Majonzi sina kipimo chake. Kiwiko ninacho."

"Si ukoma?"

"Si ukoma. Na hata ungekuwa ukoma, siku hizi una dawa. Mtu akishaianza anakaa na watu wake kama kawaida."

Yahaya alimfikiria baba yake mdogo na jiwe lake, na ndege waliokuwa wanamjibu.

"Nauliza hivi, daktari," akasema kwa shida. "Naweza kula na watu? Sinia moja?"

Ritha akashusha sauti. "Kula nao, mzee. Kula nao kila siku ukiweza."

Akamweleza mengine: asikiegemeze kiwiko popote, akilala akifunge kitambaa kisikunjike, ausugue mkono na kuzoeza vidole, arudi aangaliwe. Nyama nyingine itarudi, polepole sana, nyingine huenda isirudi tena. Majibu ya sukari yalitoka mazuri. Yahaya hakuyasikiliza sana. Usiku ule alimpakata mjukuu wake mpaka mtoto akachoka kupakatwa.

Alirudi Kondoa mwezi wa mfungo ukiwa ukingoni. Mvua zilikuwa zimeharibu njia, basi likazama kwenye tope mara nyingi, na Yahaya akapata wasaa wa kutunga hotuba. Aliipanga vizuri. Ataanza kwa salamu, ataeleza vipimo vyote kimoja kimoja, ataonyesha kiwiko, kisha atamwomba Mazengo airudishe ile sahani kabatini. Alikuwa na uchungu naye bado. Alitaka amwone anaaibika kidogo, wallahi, kidogo tu.

Jioni ilikuwa ya mwisho au ya kabla ya mwisho, kutegemea mwezi. Wanaume walikuwa wamejaa barazani. Yahaya hakuketi. Alisimama karibu na nguzo yake, akakohoa.

"Ndugu zangu, najua mkono wangu uliwatia hofu. Siwalaumu. Nimekwenda Dodoma, nimepimwa kila kitu. Si ukoma. Si ule ugonjwa mwingine. Ni mshipa wa kiwiko umebanwa, na hauambukizi. Daktari ameniruhusu kula na watu. Kwa hiyo mnaweza kuniondolea ile sahani, nikala na ninyi kama zamani."

Wakatazamana. Walikuwa na aibu, lakini haikuwa aibu aliyoitegemea.

"Nani alisema ukoma?" akauliza Mazengo.

"Hamkusema. Mlinitengea chombo."

"Nilikutengea mimi." Mazengo alikuwa ameketi mahali pake, na sauti yake haikuwa na utani hata chembe. "Yahaya, tonge lilikuwa linakuponyoka. Nilikuona unakinga kwa mkono wa kushoto chini ya kidevu, unajifuta kwa siri, halafu ukasema umeshiba. Hukushiba. Ulitoka hapa na njaa kwa kuona haya. Nikalala nalo. Nikasema nitamletea kijiko, asitirike."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambiaje? Yahaya rafiki yangu, unamwaga chakula? Jambo hilo anaambiwa mtoto. Mtu mzima husitiriwa."

"Ukanisitiri kwa kuniweka peke yangu mbele ya watu wote."

"Peke yako?" Mazengo akashika kitu mapajani mwake na kukiinua. Ilikuwa sahani ya bati, ina maua mekundu ukingoni, na ndani yake kijiko. "Zilikuwa mbili. Moja yako, moja yangu. Nilikwenda nyumbani kuleta uji na hii yangu, tukae ubavu kwa ubavu kama maofisa wa wilaya, na mimi nipayuke, watu wanicheke mimi, wewe ule vizuri. Kurudi nakuta nafasi. Mke wangu akaniuliza nyumbani, vipi umeacha sinia? Nikasema nakula hivi mpaka Yahaya atakaporudi."

"Na amekula hivyo mwezi mzima," akasema mwalimu wa madrasa. "Ugali kwa kijiko. Tumemcheka mpaka tukachoka."

Yahaya alishika nguzo. Hotuba yote ilikuwa imemtoka kichwani, na pamoja nayo hasira aliyoilea siku zote zile mezani, akiiegemea kwa kiwiko. Alizikumbuka jioni zile mlango ukibishwa, naye ndani anajibu kesho. Aliona haya, haya za kweli. Miguu ikamwambia ondoka.

"Keti basi," akasema Mazengo. "Umesimama kama dalali mnadani."

Akaketi. Adhana ikatoka. Mikono ikaingia kwenye sinia, na wa Yahaya ukaingia pia, mwembamba, na vidole vyake viwili vimejikunja. Alikata ugali, akaubana kadiri alivyoweza. Tonge likavunjika, nusu likaanguka kwenye kanzu ya jirani. Jirani akaliokota akalila, akaendelea na mazungumzo. Yahaya akakata jingine.

Hawakuwa wamemaliza kula sauti zilipoanza kule juu ya msikiti, kisha barabara nzima: mwezi umeandama. Watu wakashukuru Mungu, wakapeana mikono. Kesho Idd. Kesho kila mtu nyumbani kwake, na mkewe, na wanawe, na pilau yake, na baraza ile itabaki na mbuzi mpaka Ramadhani nyingine. Yahaya alilijua hilo njia nzima kutoka Dodoma, ila hakutaka kuliangalia. Akaosha mkono polepole kuliko ilivyohitajika.

"Kesho unakula wapi?" Mazengo akauliza, anakwangua sahani yake.

Jibu lilikuwa tayari mdomoni, limeshaiva siku nyingi: kwangu kuna chakula, msijisumbue. Ni jibu zuri, la kiungwana, na kwa jibu hilo mtu anaweza kuishi peke yake mpaka kufa bila kumkera yeyote. Yahaya akalimeza.

"Sina pa kula," akasema. Sauti ilimkatika, akaianza upya, na watu wote walikuwa wanasikia. "Sina mtu, Mazengo. Tangu Mwantum aondoke sina mtu wa kula naye."

Safari hii hakuna aliyetazama pembeni. Mazengo aliiweka sahani chini.

"Ukitoka msikitini," akasema, "usipitie kwako."